Barua ya wazi kwa mwenye dhamana ya ardhi ya mji wetu: ng'oeni bikoni kwenye uwanja wa stesheni ya zamani ya Nachingwea

Mheshimiwa,

Salaam nyingi kutoka Nachingwea. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nakuandikia hadharani baada ya kukuandikia mara tatu kwa njia ya kawaida. Barua zote tatu nilizifikisha masijala kwa mkono wangu, zote ziligongwa muhuri wa kupokelewa, na nakala zake zimo ndani ya bahasha ya kaki iliyo mezani hapa ninapoandika. Hakuna iliyojibiwa. Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimefundisha shule za msingi za wilaya hii kwa miaka 34, na katika kazi ile nilijifunza kwamba mtoto asiyejibu swali ama hajalisikia ama hajui jibu. Sitaki kuamini kwamba hujasikia, kwa kuwa muhuri ni wa ofisi yako, na sitaki kuamini kwamba hujui jibu, kwa kuwa jibu ulikwisha kulitoa wewe mwenyewe mbele ya wananchi, kama nitakavyokukumbusha hapa chini.

Kilichonifanya nisiweze kungoja zaidi ni jambo la wiki iliyopita. Jumanne asubuhi vijana wanne walifika kwenye uwanja wa stesheni ya zamani wakiwa na lori dogo na mtungi wa gesi, wakakata vipande viwili vya reli vilivyokuwa vimesimama kama nguzo kando ya jukwaa tangu mimi nina akili zangu. Nilipata habari nikiwa nyumbani, nikapanda bodaboda, nikakuta kimoja kimeshapakiwa na cha pili kinaning'inia kwenye kamba. Mkubwa wao, nilipomuuliza, alinijibu kwa adabu kwamba ametumwa, na aliyemtuma ana karatasi. Karatasi sikuonyeshwa. Lori likaondoka, na nadhani reli zile zimekwenda kupimwa kwa kilo kama vyuma chakavu. Alhamisi yake nilirudi pale nikakuta bikoni nne mpya za zege, yaani nguzo fupi za kuonyesha mipaka ya kiwanja kilichopimwa, zimechimbiwa. Tatu zimo kwenye majani. Ya nne imesimamishwa katikati ya sakafu ya kilichokuwa chumba cha tiketi, na ili kuisimamisha sakafu imepasuliwa kwa nyundo, na vipande vyake vimetupwa kando na kuachwa.

Mheshimiwa, naomba unipe nafasi nieleze sakafu ile ni ya nini, maana naona waliotumwa kuipasua hawakuambiwa, na huenda hata aliyewatuma hajui.

Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Mwaka 1946 mkubwa mmoja wa kampuni ya United Africa, Frank Samuel, alipeleka London wazo la kulima karanga Tanganyika kwa mashine kubwa, na serikali ya Uingereza ikamtuma John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, kuja kutazama ardhi. Ujumbe wake ulizunguka kwa wiki chache tu, mara nyingi ukiitazama nchi kutoka juu ndani ya ndege, ukarudi na pendekezo la kufyeka zaidi ya ekari milioni 3. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947, na ndiyo maana Kongwa hutajwa na kila mtu. Lakini katika hesabu za mwanzo sehemu iliyo kubwa kuliko zote haikuwa Kongwa wala Urambo. Ilikuwa huku kusini, Jimbo la Kusini, na kitovu chake kikawa Nachingwea.

Shida ni kwamba kusini hakukuwa na njia ya kutoa hizo karanga. Wajerumani walikuwa wamejenga reli ya Tanga hadi Moshi na reli ya kati kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, ambayo ilifika ziwani mwaka 1914, lakini kusini ya Rufiji hapakujengwa reli ya kubeba abiria na mizigo ya nchi. Nchi hii iliyokuwa imeumia kuliko nyingine nyingi wakati wa Vita vya Maji Maji iliachwa na njia za miguu. Kwa hiyo karanga ndizo zilizotuletea reli. Ilianzia Mkwaya, kwenye mkono wa bahari wa Lindi, ikapita Ruo, na mwaka 1949 ikafika Nachingwea. Baadaye ikajengwa bandari ya kina kirefu Mtwara, iliyofunguliwa mwaka 1954, na reli ikapata mlango huo mpya wa baharini; tena katika miaka hiyo hiyo ya 1950 likatolewa tawi la kwenda Masasi.

Tazama tarehe hizo vizuri, Mheshimiwa, kwa sababu ndani yake ndimo lilimo jambo ambalo nilikuwa nikiwafundisha watoto wa darasa la sita kila mwaka. Mpango wa karanga ulitangazwa kufutwa Januari 1951, baada ya kuteketeza pauni milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza. Bandari ya Mtwara ilifunguliwa miaka 3 baada ya hapo. Maana yake ni kwamba reli yetu ilimaliziwa kujengwa kwa ajili ya mzigo ambao wenyewe walikwisha kujua kwamba hautakuja. Kongwa mvua zilikuwa haba na udongo wake ukikauka hugeuka jiwe. Huku kwetu misitu ilikuwa mizito na mashine zilikuwa mbovu, nyingi zikiwa mabaki ya vita. Mkulima wa hapa angeliulizwa, angeliwaambia hayo yote bure, ameketi chini ya mwembe wake. Hakuulizwa.

Reli ikabaki bila karanga. Ilibeba korosho, ilibeba ufuta, ilibeba mihogo mikavu na watu, lakini mzigo haukufikia gharama. Mwaka 1962, nchi ikiwa haijatimiza hata mwaka mmoja tangu Uhuru, ilifungwa, kisha ikang'olewa. Na mwaka 1963, wakati mataruma yetu yanafukuliwa, ndipo ilipofunguliwa njia ya kuunganisha reli ya kati na ya Tanga, kutoka Ruvu hadi Mnyusi. Simlaumu aliyefurahi siku ile kule Mnyusi. Nataka tu ujue kwamba kwetu sisi miaka miwili ile ina sura nyingine: mahali pengine watu walikuwa wakitandika, sisi tulikuwa tukitazama mafundi wakifungua bolti.

Baba yangu alikuwa mmoja wa waliofungua bolti hizo.

Aliingia kazini kama kibarua wa genge, akapandishwa kuwa mnyapara, na kazi yake kwa miaka mingi ilikuwa kutembea juu ya kipande chake cha njia kila asubuhi akigonga reli kwa nyundo na kusikiliza. Alituambia kwamba reli iliyokaa sawasawa hulia, na iliyolegea hukohoa. Mama yangu aliuza mihogo ya kuchoma na chai ya rangi pale stesheni siku za treni, upande wa jukwaa uliokuwa na kivuli. Treni ilipofungwa mimi nilikuwa na umri wa miaka 5, kwa hiyo sitajifanya nakumbuka mengi. Nakumbuka kubebwa begani, nakumbuka harufu ya grisi kwenye shati la baba. Lakini kuna jambo moja ambalo nimeliona kwa macho yangu kwa miaka mingi baada ya hapo. Njia ya kutoka kwetu kwenda shambani ilikatiza tuta la reli. Hata reli zilipokwisha kung'olewa, hata tuta lilipoota majani na watu wakaanza kulipitisha baiskeli, baba hakulivuka siku yoyote bila kusimama. Alisimama, akatushika mikono sisi watoto, akatazama kushoto, akatazama kulia, akasikiliza, ndipo akasema, "Twendeni." Alifanya hivyo hadi mwaka alioshindwa kutembea. Hakuna aliyemcheka, na mimi nilipokuwa mtu mzima na watoto wangu nilijikuta nafanya vivyo hivyo.

Waliokuwa na kazi reli ile walirudi mashambani. Wengine walihamia Dar es Salaam wakapotea huko. Baba alirudi kulima mahindi na mikorosho michache, akiwa na spana moja kubwa ambayo hakuna nati iliyobaki nchini kwetu ya kuifungua. Alifariki akiwa anaamini kwamba watairudisha. Mimi nilimwambia mara nyingi kwamba hawatairudisha, na leo nasikitika kwamba nilimwambia.

Mheshimiwa, shule niliyomalizia kazi yangu kengele yake ni kipande cha reli hiyo. Kina urefu wa dhiraa moja na nusu hivi, kimetundikwa kwa waya kwenye tawi la mwembe, na hugongwa kwa bolti ya taruma. Kwenye ubavu wake kuna herufi na tarakimu zilizochomoza, zilizopigwa huko kiwandani chuma kikiwa bado cha moto, lakini kutu na rangi zimezifunika hata mtu akipita haraka hazioni. Kila mwaka nilipofika kwenye somo la wakoloni na uchumi wao, niliwatoa watoto darasani, nikachukua chaki nikaisugua ubavuni kwa ubapa, na herufi zikajitokeza moja baada ya nyingine, nyeupe. Darasa zima hunyamaza. Kisha nawapanga mstari, tunakwenda kwa miguu hadi stesheni, na pale juu ya sakafu ya chumba cha tiketi nawaambia wasimame pale alipokaa karani, na wengine wasimame nje ya dirisha ambalo halipo tena, wanunue tiketi za kwenda Mtwara. Watoto wale sasa ni watu wazima; baadhi yao ni wauguzi, baadhi ni madereva wa malori ya korosho, na mmoja wao, nimeambiwa, anafanya kazi katika jengo hilo hilo unalofanyia kazi wewe. Mwulize. Atakuambia sakafu ile ni ya nini.

Sasa sakafu imepasuliwa, na nguzo mbili zimekwenda. Kengele ya shule ndiyo reli pekee ninayojua kwa hakika mahali ilipo. Nimemwomba mwalimu mkuu awe anaiteremsha jioni na kuilaza ofisini, na mlinzi amekubali, ingawa ni nzito na yeye ni mzee kama mimi.

Turudi kwenye ahadi. Miaka miwili iliyopita ulifika Nachingwea, ukafanya mkutano wa hadhara, na baada ya mkutano tulikuomba sisi wazee utembee nasi hadi uwanja wa stesheni. Ulitembea. Ulivaa shati jeupe na viatu ambavyo havikufaa kwa matope ya siku ile, na tulikushukuru kwa kutojali viatu vyako. Ulisimama juu ya ukingo wa jukwaa, ukanishika bega, ukasema mbele ya watu wasiopungua 50 kwamba eneo lile halitaguswa, kwamba litapimwa na kuandikwa kama eneo la kumbukumbu, na kwamba kabla ya masika yanayofuata kutakuwa na kibao. Wananchi walipiga makofi. Masika yale yamepita, na masika mengine yakapita. Kibao hakikuja. Eneo limepimwa, hilo ni kweli, ila limepimwa viwanja.

Niliandika barua ya kwanza kuulizia kibao. Niliandika ya pili niliposikia uvumi wa viwanja. Ya tatu niliiandika nilipomwona mtu na chombo cha kupimia kimesimama kwa miguu mitatu pale pale uliposimama wewe. Kila mara niliambiwa masijala kwamba barua iko mezani kwako. Nilipouliza lini nirudi, niliambiwa kesho. Niliporudi kesho niliambiwa una kikao. Niliporudi baada ya kikao niliambiwa faili limechukuliwa na bwana mmoja ambaye naye yuko likizo. Goti langu la kulia ni bovu tangu mwaka nilipostaafu. Kutoka kwangu hadi ofisini ni nauli ya kwenda na ya kurudi, na pensheni yangu unaweza kuikadiria mwenyewe, maana wewe ndiwe unayejua mishahara ya walimu wa shule za msingi. Mwezi wa pili nililipia nakala za barua yangu kwa fedha niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya bati mbili za paa la jiko, na masika yalipofika mvua ilinyesha ndani ya jiko, mke wangu akapikia kwenye baraza akiwa amejifunika khanga ya mvua kichwani, wala hakunilaumu. Siyasemi haya ili nihurumiwe. Nayasema ili ujue kwamba barua zile tatu ambazo hazikujibiwa hazikuandikwa na mtu asiye na kazi ya kufanya.

Nimejiuliza sana kwa nini mambo yamegeuka. Sina ushahidi, na sitamtaja mtu. Nadhani sababu ya kwanza ni bei ya ardhi. Tangu yaanze kuzungumzwa madini ya nikeli ya Ntaka na ya kinywe (grafiti) ya Ruangwa, wageni wamekuwa wengi, nyumba za kulala wageni zimeongezeka, na uwanja ulio tambarare karibu na katikati ya mji ni kitu cha kutamaniwa. Sababu ya pili, nadhani, ni kwamba katika makaratasi eneo lile halina mwenyewe: shirika la reli lililokuwa la Afrika Mashariki nzima lilivunjika, waliokuwa na ramani wamekufa au wako mbali, na mahali pasipo na mwenyewe mtu mwenye haraka huona ni pake. Inawezekana pia kwamba hakuna ubaya wowote bali ni kutojua tu, kwamba mpima ardhi kijana aliona zege kuukuu lililozungukwa na majani akadhani ni msingi wa ghala lililobomoka. Kama ni hilo la mwisho, nitafurahi kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu kutojua kunatibika, na mimi bado nina chaki.

Wapo watakaokuambia kwamba stesheni ile ni alama ya aibu ya wakoloni, mradi ulioshindwa, na kwamba hakuna sababu ya kutunza mabaki ya kushindwa kwa watu wengine. Hoja hiyo nimeisikia hata kwa jirani yangu ninayemheshimu. Lakini Mheshimiwa, walioshindwa ni wale waliopanga wakiwa juu ndani ya ndege. Wale waliopasua mawe, waliobeba mataruma mabegani, waliotembea kila asubuhi wakigonga chuma na kusikiliza, hawakushindwa kitu chochote. Kazi yao ilisimama imara mpaka ilipofumuliwa kwa amri. Mji wetu unajulikana nje ya nchi kwa sababu nyingine, kwamba wapigania uhuru wa FRELIMO walifunzwa hapa na Samora Machel akaishi nao hapa hadi Msumbiji ikapata uhuru wake tarehe 25 Juni 1975, na sisi sote tunajivunia hilo. Wageni wakija tunawaonyesha. Kwa nini basi wasionyeshwe pia mahali ambapo mji wenyewe ulianzia? Bila mpango wa karanga na reli yake, pasingekuwa na mji wa namna hii wa kuwapokea wapigania uhuru hao. Stesheni ni kaka mkubwa wa hayo yote, na ndiye tunayemzika akiwa bado anapumua.

Tena hii si habari ya zamani tu. Kila baada ya miaka michache tunaambiwa kwamba itajengwa reli kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, karibu kilomita 1,000, pamoja na matawi ya kwenda Mchuchuma na Liganga. Nilikuwa na nywele nyeusi nilipoisikia mara ya kwanza. Mwaka 2024 tuliona kwenye runinga treni ya umeme ikiondoka Dar es Salaam kwenda Morogoro na kisha Dodoma, na nilifurahi kwa moyo wote, kwa sababu ni reli ya Watanzania. Mwaka huo huo, mwezi Mei, kimbunga Hidaya kilikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi pale Somanga, na sisi wa kusini tukakaa tukitazama bei ya kila kitu ikipanda kwa kuwa hatuna njia ya pili. Nilimkumbuka baba siku zile. Ikiwa kweli ipo nia ya kurudisha reli kusini, basi ni vyema wahandisi watakaokuja waweze kusimama mahali ambapo ile ya kwanza ilifika, waione ilivyojengwa na waelezwe kwa nini ilikufa: ilikufa kwa sababu ilijengwa kwa ajili ya mzigo wa kwenye karatasi. Somo hilo limeandikwa kwa zege kwenye uwanja ule, na sasa limepasuliwa kwa nyundo ili pachimbiwe bikoni.

Nilipoanza kukuandikia nilikuwa na maombi matatu. Niliomba uzio wa miti tu, hata wa michongoma, tungeliupanda wenyewe. Niliomba kibao ulichokiahidi, na nilijitolea kuandika maneno yake bila malipo. Niliomba eneo lisajiliwe ili lipate ulinzi wa sheria kama mambo ya kale mengine. Leo naomba pia zile nguzo mbili za reli zitafutwe kabla hazijayeyushwa, ikiwa hazijayeyushwa, kwa kuwa lori lile halikwenda mbali na wanunuzi wa vyuma chakavu wanajulikana mji mzima.

Nimeyasoma tena maombi hayo usiku wa kuamkia leo nikaona ni mengi, na kwamba ofisi iliyoshindwa kujibu barua moja haitaweza kuyabeba yote kwa pamoja. Uzio tutaupanda siku nyingine. Kibao nitakichora mwenyewe kwenye ubao wa mninga, mwanafunzi wangu mmoja ni seremala. Usajili una njia yake ndefu, na nitaifuata nikiwa hai. Hata nguzo, kama zimekwenda, basi zimekwenda.

Naomba bikoni. Naomba bikoni zile nne zing'olewe, na kwanza kabisa ile iliyochimbiwa ndani ya chumba cha tiketi. Naomba ziondolewe kabla kiwanja hakijapata jina la mtu, kwa sababu kikishapata jina kutakuwa na hati, na kukiwa na hati kutakuwa na mahakama, na mimi sina umri wa kwenda mahakamani. Ni kazi ya watu wawili na sururu kwa nusu saa. Ukisema neno moja tu kwa simu itafanyika. Kwa umri ungeweza kuwa mwanangu wa pili, Mheshimiwa, lakini kwa cheo wewe ni mkubwa wangu, na kwa hiyo ninayekuomba ni mimi.

Ukitaka kuona mwenyewe kabla ya kuamua, itakuwa vizuri zaidi. Kuanzia Jumatatu nitakuwa pale uwanjani kila asubuhi kuanzia saa mbili, upande wa jukwaa wenye kivuli, pale mama alipokuwa akiuza mihogo. Nitakuwa na bahasha yangu ya kaki, na vipande vya sakafu vilivyotupwa nimevikusanya nikavifunika kwa turubai visiibwe, vyote 17, ili fundi akija aweze kuvirudisha mahali pake.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu, mtoto wa mnyapara wa genge,
Nachingwea